Siku ya utamaduni chuoni: panga kwa jambo, usipange kwa kabila

Vyuo vya Moshi na Arusha havina uhaba wa watu wa kila namna. Pita Chuo Kikuu cha Ushirika siku za usajili, au Chuo cha Uhasibu pale Njiro, au panda hadi Tengeru kwenye taasisi ya Nelson Mandela: utakutana na Msukuma, Mpemba, Mhaya, Mnyarwanda, Mkenya. Tatizo ni kwamba baada ya muda mfupi kila mmoja anakula na wa kwao. Hapo ndipo serikali ya wanafunzi inapotangaza siku ya utamaduni, na mara nyingi siku yenyewe inaongeza mipaka.

Inaiongeza kwa sababu kila kabila linapewa meza yake, linavaa, linacheza, linapigiwa makofi na kurudi kukaa. Wachaga, kwa kuwa wako nyumbani, wanakuja na masufuria na shangazi wa kuwapikia. Msandawe aliye peke yake chuo kizima anabaki mtazamaji. Kibaya zaidi ni kukodi kikundi cha ngoma. Vijana wanaoruka adumu, ngoma ya kuruka ya Wamasai, mbele ya watalii ni hodari kweli, lakini ukiwaleta chuoni, mwanafunzi naye anageuka mtalii, simu juu.

Badala yake, chagua mambo matano au sita ambayo kila jamii inayo: msiba, posa na mahari, kumpa mtoto jina, kumpokea mgeni, kugombana na kupatana. Kila jambo lipewe kikundi cha watu wanane, wasizidi wawili kutoka mkoa mmoja. Orodha itoke wiki nne kabla, maana wiki ya kwanza yote huishia katika kutafutana. Mpangaji awe mtu mmoja mwenye majina mkononi. Ukisema "jipangeni wenyewe" utapata kikundi cha Warombo watupu.

Msiba ndio wa kuanzia, kwa sababu unagusa maisha ya bwenini moja kwa moja. Familia nyingi za Kichaga huzika nyumbani, kihambani (kwenye shamba la ukoo), na husubiri siku kadhaa ndugu wapande kutoka Dar es Salaam. Waislamu huzika mapema iwezekanavyo, mara nyingi siku hiyo hiyo. Basi anayekusanya rambirambi kwa siku tatu kama alivyozoea kwao, akifika kwa mwenzake Mwislamu maziko yameshapita, na mfiwa anaona ametupwa. Kikundi kikilijadili hili, kinaweza kuandika ukurasa mmoja wa kubandikwa bwenini: tuulize nini, twende lini, tuvae vipi. Kazi hiyo ina faida kuliko ngoma kumi.

Utani nao una kanuni. Ule wa Wachaga na Wapare unajulikana nchi nzima, na ukiachwa huru unachangamsha ukumbi. Lakini utani ni wa pande mbili: mtani lazima aweze kujibu. Mhadhiri akimtania mwanafunzi juu ya kabila lake, hakuna jibu linalowezekana, kwa hiyo huo si utani. Mgeni kutoka Burundi asiyejua mchezo atadhani watu wanatukanana, hivyo aelezwe kabla. Na mshereheshaji asikilizwe mapema. Wengi wana vichekesho vilevile vya harusini.

Chakula ndicho kinachoharibika zaidi. Kwa watu 120 na vyakula sita, hesabu ya kuonja ni kilo moja ya mchele kwa watu 20, si wanane kama kwenye sherehe. Mtori ukipoa unaganda, kwa hiyo bakiza supu ya kuulegeza. Loshoro, chakula cha mahindi na maziwa mgando, usiichanganye na maziwa hayo asubuhi. Mahindi yapoe kwanza, maziwa yaingie karibu na kupakua, la sivyo yanakatika. Makande yalowekwe usiku kucha. Nyama ichinjwe na Mwislamu na kitimoto (nyama ya nguruwe) kisiwepo kabisa. Hata mafuta yaliyokaangia kitimoto yasiguse chipsi. Wasabato pia hawali kitimoto, wala kambale, kwa kuwa hana magamba. Kila sufuria iwe na karatasi ya viungo, hasa karanga. Mbege iachwe: ielezwe tu, ndizi mbivu kwa ulezi, maana sheria za vyuo vingi hazitaki pombe.

Siku je? Ijumaa mchana kuna swala, na jua likizama Sabato inaanza hadi jioni ya Jumamosi, jambo lisilopuuzwa mahali ambapo Usa River ina chuo kizima cha Wasabato. Inabaki Jumapili, saa nane mchana hadi saa kumi na mbili, na dakika 20 za mapumziko kwa ajili ya Alasiri. Usinakili tarehe ya mwaka jana: Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Michango nayo ikusanywe wiki bumu (fedha za mkopo wa wanafunzi) linapoingia. Ukichelewa wiki mbili tu, utaambulia ahadi.

Lugha mara nyingi husahaulika. Mazungumzo yakinoga yanahamia Kiswahili cha kasi, na mwanafunzi wa Sudan Kusini anabaki akitabasamu. Kila kikundi kiwe na wa kumnong'oneza tafsiri, wapokezane kila nusu saa, kwa sababu mtu mmoja akiachiwa kazi hiyo siku nzima anachoka na kuanza kufupisha: "Wanacheka tu."