Wanachama kumi na tisa wa Januari mosi

Jumamosi, usiku

Leo nilikaa na karani wa chama chetu cha kuweka na kukopa, tukipitia kumbukumbu alizoingiza kwenye fomu niliyomtengenezea kwa Access, programu ya kompyuta ya kutunza kumbukumbu kwenye majedwali. Nikakuta wanachama kumi na tisa wamezaliwa tarehe 1/1/1960.

"Hawa ni mapacha wa mama gani?" nikamtania.

Hakucheka. "Kaka, pale uliweka lazima pajazwe. Bibi anakwambia alizaliwa mwaka wa njaa, na mashine haikubali kuhifadhi. Ulitaka nifanyeje?"

Sikuwa na jibu. Lazima ile niliiweka mimi kwa sababu nilitaka ripoti ya umri isiyo na mapengo. Nikaongeza na sharti la uhakiki kwamba tarehe isipite ya leo, nikajiona fundi. 1/1/1960 ikapita hapo kifua mbele.

Ukweli ni kwamba fomu yenyewe sikuitolea jasho. Access ina raha hiyo: unachagua jedwali, unabonyeza kitufe kimoja, fomu imesimama, visanduku vimejipanga kama safu za jedwali zilivyopangwa. Lakini jedwali lile nililipanga kwa akili yangu, na karani anasoma daftari la chama: namba, majina matatu, kijiji, simu, mrithi. Basi kwa kila mwanachama mmoja, macho ya karani yanapanda na kushuka kama mtu anayetafuta sindano mkekani.

Kilichoniuma zaidi ni jina la kati. Nililisahau, nikaliongeza baadaye, nikalivuta hadi mahali pake. Kwa macho limekaa vizuri, ila kwa kitufe cha Tab, kile kinachokurusha kutoka kisanduku kimoja hadi kingine, limebaki la mwisho, kwa kuwa mpangilio wa Tab ni kitu kingine na sikuugusa. Mwezi mzima dada wa watu anaacha kibodi, anashika kipanya, anabofya jina la kati, anarudi. Hakuniambia. Alidhani kompyuta ndivyo zilivyo.

(Namba za simu zilizomezwa sifuri ya mwanzo niliziwahi siku ya kwanza. Simu ni maandishi, si hesabu. Hakuna anayejumlisha simu.)

Usiku huu nimepanga visanduku upya, daftari likiwa wazi mezani. Tarehe ya kuzaliwa si lazima tena. Pembeni yake nimeweka kisanduku cha mwaka peke yake, na cha kutia tiki kama mwaka huo ni wa kukisia.

Nilikuwa karibu kuzifuta zile tarehe kumi na tisa kwa mkupuo, karani akanipigia. Kakumbuka kwamba mmoja wao alikuja na cheti cha kuzaliwa mkononi, Januari mosi ya kweli. Ni yupi, hakumbuki.

Jumatatu tunaanza kuwapigia.