Wembe wa Babu na Nywele za Akika

Harufu ya mafuta ya cherehani imenikaa puani tangu jana. Nilikuwa nimepeleka gauni kwa fundi, nikamkuta anaipaka mashine yake mafuta, na palepale nikamkumbuka yule mnoa visu wa Ngamiani, wembe wa babu ukiwa mkononi mwake.

Ilikuwa wiki aliyojifungua dada. Shangazi alishikilia kwamba siku ya saba nywele za akika zinyolewe kwa wembe wa babu, kama zilivyonyolewa zake, za baba, na za watoto wengi wa mtaa ule. Babu mwenyewe, aliyekuwa akinyolea chini ya mkungu, aliuweka kabatini miaka ile Ukimwi ulipoingia na kila kichwa kikatakiwa wembe wake mpya. Tangu hapo haukunyoa tena. Alipofariki ukabaki kwangu.

Basi tukaenda kwa yule fundi mnoa visu, mimi na shangazi.

Fundi aliukunjua taratibu, akausogeza mlangoni penye mwanga. Shinani, pale dole gumba linaposhika, palikuwa pamepigwa chapa ya SOLINGEN, ule mji wa Ujerumani unaofua visu na nyembe, ambao jina lake linalindwa kwa sheria tangu 1938. Herufi mbili za mwanzo zilikuwa zimefifia, na si kwa kutu. Chuma mahali hapo kilikuwa laini, kimebonyea kidogo, na nilipoweka dole langu likaingia sawasawa. Ni dole la babu lililozila zile herufi. Bapa lilikuwa na madoa meusi ya zamani, na kuelekea ncha kulikuwa na vidoa vyekundu. Fundi akapitisha ukucha kwenye makali, kutoka kisigino kwenda nchani. Ukateleza, ukateleza, ukakwama. Akarudia. Ukakwama palepale.

“Huu weusi hauna neno,” akasema. “Umetulia, tena unakikinga chuma. Huu wekundu ndio unaokula. Na hapa umeshafika kwenye makali.”

“Si unoe?” shangazi akamwambia.

“Kunoa tu hakutoshi, mama. Ubavu wake umechimbwa, huku chini chuma ni chembamba kama karatasi. Kuliondoa pengo hili sharti niyashushe makali yote, kisha nipige msasa bapa zima mpaka shinani. Utanyoa. Lakini hii chapa itaondoka, na hapa pa dole patakuwa bapa.”

“Kazi ya wembe ni kunyoa. Baba hakuununua uwe pambo.”

Alisema kweli, na sikuwa na la kumjibu. Fundi akanitazama mimi. Nikamwambia aitoe kutu tu, asiguse kingine.

Akadondosha mafuta ya cherehani juu ya vile vidoa, akauacha ukae huku akinoa mkasi wa mtu. Aliporudi alisugua kwa pamba, kidogo kidogo, kila pamba ikitoka na rangi ya udongo wa Lushoto, mpaka ikatoka safi. Akatia tone kwenye riveti ya mpini. Akanionya nisiurudishe kwenye mfuko wake wa ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu, na kwa hewa yetu ya chumvi Tanga kutu ingerudi upesi. Niufunge kwa kitambaa kikavu cha pamba, niupake mafuta mara kwa mara.

Siku ya saba mtoto alinyolewa kwa wembe mpya wa dukani. Nywele zikapimwa, fedha ya uzito wake ikatolewa sadaka. Shangazi ndiye aliyempakata mtoto, na hakulitaja tena jambo lile.

Mimi naamini nililinda kitu cha kweli. Chapa ingeweza kupatikana kwenye wembe mwingine, lile bonyeo la dole haliwezi. Ila shangazi naye alikuwa na lake la kulinda: wembe mmoja kupita kichwa hadi kichwa katika ukoo mmoja, jambo lisilowekeka kwenye kitambaa cha pamba. Sijui nani kati yetu alimhifadhi babu zaidi.

Mwezi ujao binamu yangu anajifungua. Shangazi ameshanipigia simu kuuliza kama yule fundi bado yupo.