Usiku hakudumu: jinsi pudeli wetu alivyopata jina la mvua

Kwa siku 11 za kwanza mbwa wetu aliitwa Usiku. Alikuja akiwa na wiki 9, mweusi tii kuanzia puani hadi ncha ya mkia, na alipojikunja kwenye kona ya kochi usingemwona mpaka afumbue macho. Binti yangu, mwenye miaka 9, ndiye aliyelitamka jina hilo kwanza. Sote tukaona limekaa. Tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo kwamba jina litoke kwenye maumbile, iwe anga, maji, mimea au hali ya hewa, kwa sababu mbwa aliyemtangulia aliitwa hivyo, na nilitaka huyu mpya aingie kwenye ukoo uleule.

Aliyemtangulia aliitwa Tufani. Jina hilo nilimpa mimi bila kumuuliza mtu, kwa kuwa siku tuliyompokea upepo ulikuwa unang'oa kila kitu. Aliishi nasi miaka 12 na sijawahi kumjua mbwa mpole kumzidi. Lakini kila nilipomwita mbele ya watu wasiomjua, niliona mzazi anamvuta mtoto wake nyuma. Jina lilimfikia mgeni kabla ya mbwa mwenyewe. Maisha yake yote Tufani alilazimika kulishinda jina lake kwanza ndipo akubalike, na jambo hilo bado linaniuma. Ndiyo maana safari hii nilitaka tuchague pamoja, taratibu, na nikashangaa tulivyoafikiana haraka kuhusu Usiku.

Siku ya kumi na moja tulimpeleka kwa kinyozi wa mbwa kwa mara ya kwanza. Pudeli hana manyoya yanayofikia urefu fulani yakasimama. Yake huendelea kukua kama nywele za mtu, kwa hiyo kunyolewa ni sehemu ya maisha yake, na ni vizuri azoee mashine angali mdogo. Kinyozi alimnyoa usoni na miguuni tu. Alipomaliza kidevu, akanyamaza kidogo, akamgeuzia kwenye mwanga, akaniita. Chini ya manyoya meusi, ngozini kabisa, palikuwa na weupe wa kijivu. Kati ya vidole vya miguu pia.

"Huyu si mweusi, mama," akaniambia. "Huyu ni wa rangi ya fedha. Mpe muda."

Nikarudi nyumbani nikasoma mpaka usiku wa manane. Ni kweli. Pudeli wa rangi ya fedha huzaliwa mweusi. Weupe huanzia usoni na miguuni, kisha hupanda mwilini polepole, na huenda akafika miaka 2 ndipo rangi yake ya utu uzima itulie. Hata wale wa rangi ya aprikoti, yaani chungwa hafifu, wengi hupauka kadiri wanavyokua. Yaani katika mbwa wote ambao ungeweza kuwapa jina kwa kuangalia rangi, pudeli ndiye wa kumwangalia mara mbili.

Binti yangu alilia. Sikumbeza hata kidogo. Kwake yeye ilikuwa kana kwamba tumemwambia mbwa atakayemjua mwakani si huyu. Nilikaa naye kitandani nikamweleza kwamba mbwa ni yuleyule, ila jina tulilompa lilikuwa la koti, na koti linabadilika. Akafikiri, kisha akaniuliza swali ambalo lilibadilisha kazi yote: "Sasa yeye mwenyewe ni nani, mama?"

Hapo ndipo nilipoanza kumsoma pudeli kama pudeli. Watu wengi humfahamu kama mbwa wa mapambo, mwenye mipira ya manyoya miguuni. Lakini asili yake ni kazi ya majini. Jina lenyewe linatokana na Kijerumani, Pudelhund, mbwa wa kurusharusha maji. Wafaransa humwita caniche, neno linalotokana na cane, yaani bata jike, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuogelea na kumleta bata aliyepigwa na mwindaji. Na ule mtindo wa kunyoa ambao watu huucheka huelezwa kuwa ulianzia kwenye kazi hiyohiyo: manyoya yaliondolewa ili yasimlemee akiogelea, yakaachwa kifuani na kwenye viungo kumkinga na baridi ya maji. Niliposoma hayo niliona aibu ya kweli kwamba nilikuwa tayari kumwita kiumbe wa maji kwa jina la giza, kwa sababu tu ya koti lake la utotoni.

Kwa hiyo tukaanza upya, na safari hii kila mtu alileta lake.

Mwanangu wa kiume alileta Kaa. Alimaanisha kaa la moto, jeusi nje na jekundu ndani, na kama jina ni zuri sana. Ila jaribu kumfundisha mbwa. Unamwambia "kaa" na unataka akae. Unamwita "Kaa" na unataka aje. Mtoto wa miaka 14 alilielewa hilo kabla sijamaliza sentensi. Tatizo lilelile likamwangusha Lulu, ambalo nililipenda mimi: liseme haraka, kutoka mbali, halafu useme "lala". Mume wangu alikuja na Njiwa, kwa ule ukijivu unaokuja, na kwa siku nzima nilidhani tumepata. Lakini amri anayoisikia kuliko zote ni "njoo", na sikutaka jina na amri vianze kwa mlio mmoja. Mbwa husikiliza milio ya maneno yetu, na yanayofanana huweza kumtatiza. Haifai kumchanganya kwenye jambo ambalo siku moja litamzuia asikimbilie barabarani.

Ukungu niliukataa peke yangu. Neno hilo ni la asubuhi ya milimani, lakini pia ni la mkate uliooza, na sauti yake yote iko kooni. Nilisimama mwisho wa uwanja nikaliita, likaniishia miguuni. Hilo nawaomba mlijaribu kabla ya jambo lingine lolote: tokeni nje mliite jina kwa sauti, mara kumi, kama mtu aliyempoteza mbwa wake. Majina mengine ni mazuri mkiwa mmekaa tu. Umande ulikwenda vizuri. Kimondo kilikwenda vizuri zaidi, ila nilimkumbuka Tufani nikaliacha. Zuhura, ile sayari ya alfajiri, linaita kama kengele, lakini ni jina la mtu ninayemheshimu, na siwezi kulipaza barabarani nikimkataza mbwa asile taka. Kwa sababu hiyohiyo sikugusa Nyota wala Asumini.

Wingu lilikaa mezani muda mrefu. Nilivutwa na lile wazo la wingu linaloanza jeusi kisha likaangaza. Bado naliona kuwa jina jema kwa pudeli, ingawa wenye pudeli weupe hulifikia haraka mno, pamoja na Pamba na Theluji. Kama ningekuwa na mweupe ningemwita Povu, povu la wimbi linapovunjika ufukweni. Lina maji, lina yale mapindo madogo ya manyoya, na halitaki maelezo.

Nilimpigia mama yangu simu nikiwa nimechoka. Akanisikiliza orodha yote, kisha akasema, "Mwanangu, unatafuta angani. Huyo mbwa anafanya nini hapo ulipo sasa hivi?"

Nikageuka. Alikuwa anakunywa maji.

Lazima nieleze jinsi anavyokunywa. Anaingiza mdomo mzima kwenye bakuli, mpaka karibu na macho, kana kwamba anatafuta kitu chini. Ndevu zake zinanyonya maji kama sifongo. Kisha anatoka, anatembea hatua tatu hadi katikati ya watu, na anajitikisa. Sakafu inapata matone, suruali ya mume wangu inapata, daftari la shule linapata. Amefanya hivyo tangu siku ya kwanza, mara nne au tano kwa siku, na sisi tulikuwa tunafuta na kwenda kuendelea kutafuta jina.

"Ananyunyiza," nikamwambia mama.

"Basi," akasema.

Manyunyu. Ile mvua nyembamba isiyo na ngurumo, ambayo hukuti mtu akiikimbia. Rangi yake ni kijivu, kwa hiyo koti likibadilika litakuwa linalifuata jina badala ya kulikimbia. Neno lenyewe lina undugu na kunyunyiza, na nilipokumbuka lile neno la Kijerumani la kurusharusha maji nilipata msisimko ambao siwezi kuuficha: bila kukusudia tulikuwa tumemwita kwa Kiswahili kile ambacho mababu zake waliitwa kwa lugha yao. Nilitoka uwanjani nikaliita. Ma-nyu-nyu. Linaanzia midomoni, linapanda, na silabi mbili za mwisho unaweza kuzirefusha upendavyo. Binti yangu alilikata papo hapo akapata Nyunyu, la ndani ya nyumba.

Wasiwasi wangu uliobaki ulikuwa kwamba tayari amezoea Usiku. Siku 11 si nyingi, na pudeli hujifunza haraka. Katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu akili za mbwa, mwanasaikolojia Stanley Coren alimweka wa pili, nyuma ya border collie, mbwa wa kuchunga kondoo. Tulifanya hivi: mtu mmoja tu, chumba kitulivu, namtaja Manyunyu mara moja kwa sauti ya kawaida. Akinigeukia, hata kwa bahati, anapata kipande kidogo cha chakula chake hapohapo. Asipogeuka, nanyamaza, sirudii. Mara tano, kisha mchezo. Sheria moja niliyowawekea watu wote wa nyumba hii ni kwamba jina lake halitumiki kumgombeza. Akitafuna kiatu, kuna "acha", inatosha. Nataka akisikia Manyunyu ajue kuna jema linamngoja. Siku ya nne aligeuka akiwa chumba kingine.

Sasa ana miezi 7. Mgongo bado ni mweusi, ila uso na miguu vimeshakuwa vya fedha, na kwenye shingo, ukipitisha brashi kinyume, unaona rangi ikija kutoka chini kama asubuhi yenye mawingu. Namsugua brashi kila jioni kwa sababu karibu ataanza kubadilisha manyoya ya utoto kuwa ya ukubwa, kipindi ambacho mafundo hujifunga usiku mmoja ukizembea. Masikio nayo nayakausha kila akilowa, maana ndani yake huota manyoya na unyevu hukaa. Binti yangu ananisaidia, na kila Jumapili anampiga picha mahali palepale, karibu na mlango, ili tuone koti linavyosafiri. Ameanza na picha ya ile wiki ya kwanza. Chini yake ameandika kwa kalamu: Manyunyu, alipokuwa Usiku.

Ninapoandika haya nasikia bakuli likisogea sakafuni. Atakuja sasa hivi, na taulo liko mbali.