P9 mbili, mwaka mmoja

Tarehe 28 Juni 2022 nilitoka zamu ya usiku, nikashukia Mwembe Tayari, hapa Mombasa, hata kabla ya kufika nyumbani. Zilikuwa zimebaki siku mbili kupokelewa kwa ritani za ushuru za mwaka 2021, yaani taarifa ya mapato yako na ushuru uliolipa, kufungwe, na sikutaka faini ya 2,000 iniangukie bure. Saiba, duka la kompyuta na intaneti, ilikuwa imejaa watu hadi kwenye ngazi. Zamu yangu ilipofika, kijana aliniuliza PIN yangu ya ushuru, nywila na P9, ile karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara wako wa mwaka na ushuru uliokatwa. Nikampa karatasi niliyokuwa nayo kwenye mkoba. Akajaza upesiupesi, kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta.

"Mama, serikali ina pesa zako."

Shilingi 48,917.

Ni lazima nieleze mwaka huo wa 2021 ulikuwaje kwangu. Mimi ni muuguzi. Januari hadi Mei nilikuwa kwenye kliniki moja hapa Mombasa. Mwisho wa Mei tulipunguzwa watu sita kwa siku moja. Juni na Julai nikakaa nyumbani bila kazi, na Agosti nikapata hospitali nyingine kwa mshahara uleule, 60,000. Miezi ile miwili niliishi kwa mkopo wa chama chetu cha akiba. Hata bima ya elimu ya binti yangu, 6,000 kila mwezi, niliilipa kwa mkopo huo, kwa sababu niliapa siku aliyozaliwa kwamba hiyo haitakatika. Kwa hiyo niliposikia kuna pesa zinarudi, niliona kama ile miezi miwili inalipwa. Nilitoka pale nimeshazigawa kichwani: deni la chama, karo ya muhula wa tatu, na paa la jikoni kwa mama kule Voi.

Julai ikapita. Agosti ikapita. Kila Ijumaa nilikuwa nafungua iTax, tovuti ya ushuru, kwenye simu, naona risiti yangu ipo na ombi la marejesho lipo, lakini benki hakuna kitu. Wenzangu wodini wakaniambia nisahau, pesa za ushuru hazirudi. Mimi sikusahau. Nilikuwa nimesoma kwamba wakati ule sheria ilimpa Kamishna wa ushuru siku 90 kukujibu ukiomba marejesho, na siku hizo nilikuwa nazihesabu kwenye kalenda ya ukutani.

Siku 90 zilikuwa bado hazijatimia nilipoamua kwenda mwenyewe kwenye dawati la KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, pale Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali. Dada aliyenihudumia alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika PIN yangu, kisha akaniuliza swali moja: "Mwaka 2021 ulikuwa na waajiri wangapi?"

Nikamwambia wawili. Akasema, "Kwenye ritani umeandika mmoja."

Nilihisi joto likinipanda usoni. P9 niliyompa yule kijana ilikuwa ya hospitali ya Agosti hadi Desemba. Ile ya kliniki ya kwanza sikuwahi kupewa, na katika haraka ya siku ile sikuikumbuka. Kliniki nayo ilikuwa imepeleka PAYE yangu, ushuru unaokatwa kwenye mshahara, ya miezi mitano na kuitaja kwenye ritani zake za kila mwezi, kwa hiyo upande mmoja wa mfumo ulikuwa unasema nimelipwa miezi kumi, na mimi nasema mitano. Pesa zitatokaje hapo? Yale maneno ya mwisho kabla ya kutuma, kwamba yaliyomo ni kweli na kamili, niliyakubali mimi. Jina lililo juu ya ile ritani ni langu. Si la kijana wa saiba.

Dada yule akaniambia jambo lililonituliza: ritani inaweza kurekebishwa, na sheria inaruhusu hadi miaka mitano. Akanishauri nisiguse kitu mpaka niwe na P9 zote mbili mkononi.

Kuipata P9 ya kwanza kulinichukua wiki tatu. Kliniki ilikuwa imepata wenyewe wapya, na karani aliyepo alisema faili za zamani hazijui. Nilirudi mara mbili. Mara ya tatu nikapata namba ya mhasibu wa zamani kutoka kwa mwenzangu tuliyepunguzwa naye, nikavuka feri hadi Likoni kumwona. Mzee wa watu alinikaribisha chai, akafungua tarakilishi yake na kuitafuta mbele yangu. Alisema, "Mwanangu, hii ni haki yako, hukupaswa kuihangaikia." Kwa kweli ni haki. Mwajiri hutoa P9 kwa kila aliyemkata ushuru, hata kama mtu huyo ameshaondoka. Ukiachishwa kazi, idai siku hiyohiyo unapodai barua yako, kwa sababu mwaka ukipita hujui utamkuta nani kwenye ile ofisi.

Jioni hiyo nikakaa mezani na kalamu. Nilikuwa nimechoka kutajiwa namba na watu wengine, nikataka nizipate mwenyewe.

Kila mwezi nilikuwa nakatwa 10,383 na senti. Kwa miezi kumi, 103,833. Sasa, ushuru wa mshahara hukatwa kila mwezi kana kwamba utalipwa hivyo mwaka mzima, lakini hesabu yenyewe ya mwisho ni ya mwaka. Mwaka ule 288,000 za kwanza zilitozwa asilimia 10, 100,000 zinazofuata asilimia 25, na zilizobaki kwa mtu kama mimi asilimia 30. Mapato yangu yalikuwa 600,000. Ushuru ni 28,800, ongeza 25,000, ongeza 63,600: jumla 117,400. Toa nafuu ya kibinafsi ya mwaka, yaani kiasi ambacho kila mlipaji hupunguziwa kwenye ushuru wake, 28,800. Inabaki 88,600.

Nilikuwa nimelipa 103,833. Kwa hiyo 15,233 ni zangu, na zinatokana na ile miezi miwili niliyokaa bila kazi. Nafuu ya kibinafsi ya miezi hiyo, 2,400 kwa kila mmoja, haikuwa imetumika. Nafasi ya miezi hiyo kwenye viwango vya chini vya asilimia 10 na 25 nayo haikuwa imetumika. Ukiweka pamoja, kila mwezi niliokaa nyumbani ulikuwa na karibu 7,616 zangu serikalini. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu. Niliwafikiria wale wenzangu watano tuliotoka nao mlango mmoja, na wangapi kati yao wanajua.

Halafu nikaona kwa nini saiba tulipata 48,917. Tuliandika mapato ya miezi mitano, tukajipa nafuu ya miezi kumi na miwili. Ushuru ukaonekana ni 3,000 tu, wakati hospitali ilikuwa imenikata 51,917. Hesabu ilikuwa sawa, ila ilimhusu mtu mwingine aliyefanya kazi miezi mitano.

Kulikuwa na kitu kingine tulichokiacha. Bima ya elimu ninayoilipa mwenyewe kwa simu haipiti kwenye mshahara, kwa hiyo mwajiri hakuihesabu. Bima ya aina hiyo, ikiwa ni ya miaka isiyopungua kumi, inakupa nafuu ya asilimia 15 ya unacholipa, mradi nafuu yenyewe isizidi 60,000 kwa mwaka. Mimi nililipa 72,000, kwa hiyo nafuu yangu ni 10,800. Nikaomba cheti kutoka kampuni ya bima, kikaja kwa baruapepe siku ya pili.

15,233 na 10,800. Shilingi 26,033.

Sitaficha kwamba iliniuma. Ilikuwa karibu nusu ya nilichoahidiwa, na paa la mama lilikuwa limeondoka kwenye hesabu. Lakini hii niliweza kuieleza mbele ya mtu yeyote, shilingi kwa shilingi.

Sikurudi saiba. Mpwa wangu aliniazima kompyuta, tukaingia kwenye sehemu ya ritani, tukachagua ya kurekebisha ile ya Januari hadi Desemba 2021. Kwenye karatasi ya mapato ya ajira tukaandika waajiri wawili, kila mmoja na PIN yake kama ilivyo kwenye P9. Kwenye karatasi ya PAYE iliyokatwa, vilevile mistari miwili. Kwenye ile ya bima, namba ya bima, tarehe ya kuanza na ya kuiva, na nilicholipa kwa mwaka. Akaunti ya benki niliisoma kwa sauti huku yeye anaandika, kisha yeye akasoma mimi nikiangalia kadi. Kabla ya kutuma nililinganisha jumla ya mwisho na karatasi yangu ya mezani. 26,033. Ndipo nikatuma.

Ritani iliyorekebishwa hupitiwa na afisa kwanza, kwa hiyo kungoja kulianza upya. Nilipeleka nakala za P9 zote mbili na cheti cha bima bila kuambiwa, kila moja nimeandika PIN yangu juu. Safari hii sikuwa nafungua simu kila Ijumaa. Nilikuwa na amani kidogo.

Meseji ya benki iliingia Februari, saa kumi alfajiri au labda niliiona tu saa hiyo, nikiwa zamu, wodi imetulia. Nilitoka hadi kwenye korido nikaisoma nikiwa nimesimama. Asubuhi nilipitia kwa mweka hazina wa chama kabla ya kwenda kulala. Nilimpa 12,000 za mwisho za deni, zile za malipo ya bima ya Juni na Julai, na akafuta jina langu kwenye daftari mbele yangu.

Wiki iliyopita shemeji yangu, dereva wa kampuni, alinipigia. Mwaka jana alikaa miezi minne bila kazi kati ya mwajiri mmoja na mwingine, na anataka kumpelekea mtu wa saiba P9 aliyonayo. Nimemwambia aje Jumapili baada ya ibada. Asije na moja, aje na zote mbili.