Bosi anataka taa, mhasibu amevaa kofia

Saa 12 asubuhi. Mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama, kipima mwanga nimekikumbatia kifuani. Ukikiweka mgongoni humu, hesabu umekigawa.

Saa 2. Ofisi iko ghorofa ya nne, Posta. Bosi alinipigia jana: "Injinia, kwangu kuna giza, ongeza taa." Naingia, namkuta mama mhasibu amevaa kapelo ndani ya nyumba. "Shikamoo mama." "Marahaba baba. Usinishangae, ni hizi taa zenu." Dada wa meza ya pili amebandika kipande cha boksi juu ya kompyuta, kama kibaraza. Giza gani hilo?

Mpaka saa 6 napima. Viwango vya Ulaya, ambavyo wengi wetu tunavifuata, vinataka laksi 500 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali) mezani kwa kazi ya kusoma na kuandika. Meza ya mama: 940. Kona ya mafaili: 160. Wastani unapendeza kwenye ripoti, ila hakuna anayekaa kwenye wastani. Paneli zote ni za kelvini 6500 (kelvini hupima rangi ya mwanga; ikipanda, ubluu unazidi), ule weupe wa kibluu tunaoupenda dukani. Chini kuna marumaru nyeupe zinazong'aa, basi taa inakupiga utosini na kurudi kidevuni. Na meza zimeligeuzia dirisha mgongo, kwa hiyo kila skrini ina dirisha ndani yake.

Saa 7, wali maharage.

Saa 8, Kariakoo. Nataka paneli za kelvini 4000 zenye kifuniko cheupe kama maziwa. "Hizo hafifu kaka, chukua hii kali." Naiwasha hiyo kali, naielekezea kamera ya simu: mistari myeusi inatembea. Inapepesa. Jicho halioni, lakini jioni kichwa kinalipa. Nimerudisha. Duka la tatu nikapata safi, nikachukua sita tu.

Saa 10 tumegeuza meza, dirisha limebaki ubavuni. Fundi amefunga zile sita badala ya baadhi ya za zamani, kona ya mafaili imepata taa yake, na nne za juu ya mama nimezizima kabisa.

"Nimekuita uongeze, wewe unapunguza?"

Sikubishana. Nikamwomba akae kwenye kiti cha mama dakika kumi, afungue hesabu zozote. Akakaa ishirini. Kapelo ilikuwa imeshaingia kwenye droo.

"Sawa," akasema akiinuka. "Kama taa zimepungua, na bei ipungue."