Jumamosi ya habu ya gia tatu, Mtwara

Saa 12:15 asubuhi

Kazi ya leo ni gurudumu la nyuma la Raleigh ya zamani. Lilitoka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu hapa Mtwara mjini, likauzwa kwa kilo kama chuma kingine chochote. Ringi ni ya inchi 28 kwa moja na nusu, spoki ni 40, na sita kati yake zimeliwa na kutu pale zinapoingia kwenye nipo, ile nati ndogo inayoishika spoki kwenye ringi. Katikati imekaa habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya gia tatu ya Sturmey-Archer, aina ya AW. Ukisugua uchafu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, maandishi yanatokea ubavuni: AW 58 6. Maana yake ilitengenezwa Juni 1958, kule Nottingham, Uingereza. Tarehe hiyo ni ya habu tu. Magurudumu yalibadilishwa sana, kwa hiyo usiitumie kukadiria umri wa fremu.

Habu hii ikikwama, watu wengi huing'oa na kufunga habu ya kawaida yenye frewili. Ni hasara kubwa, kwa sababu nyingi hazijaisha, zimekauka tu. Mafuta ya zamani yamegeuka gundi, vikucha vya springi vinavyosukuma ganda la habu vimenata, gia hazishiki. Ndiyo maana tangu jana jioni gurudumu limelazwa likiwa na kijiko kimoja cha mafuta ya taa kwenye tundu la mafuta la habu. Asubuhi hii ekseli inazunguka kwa mkono. Inakwaruza, lakini inazunguka, na hiyo ni dalili njema.

Kabla ya spana yoyote, beseni la kutoa kutu linawashwa nje ya kibaraza: maji ya mvua lita 8, soda ya kufulia vijiko 2 vikubwa, chaja ya betri ya volti 12. Chuma chenye kutu kinafungwa upande hasi, kipande cha nondo upande chanya, na visigusane. Leo vinaingia vyuma vya breki na stendi. Magadi ya sokoni siyatumii hapa kwa sababu mara nyingi huja na chumvi, na visima vyetu vya pwani navyo vina chumvi. Umeme ukipita kwenye maji ya chumvi hutoa klorini, gesi ya sumu. Usitumie pia chuma kisichoshika kutu upande chanya, maana kinayatia maji sumu ya kromiamu. Na beseni likae nje kabisa, kwa kuwa hewa inayobubujika upande hasi ni haidrojeni, nayo inashika moto.

Saa 1:00 asubuhi

Kufungua. Kitu cha kwanza kutoka ni kamnyororo kembamba ka gia kanakoingia ndani ya ekseli upande wa kulia. Kanafunguliwa kwa vidole, kinyume cha saa. Wengi hukasahau, wakaligonga gurudumu chini, kanapinda au kanakatikia ndani. Kukitoa kipande kilichokatikia humo ni kazi ya nusu siku.

Kisha upande wa kushoto: nati, washa, koni inayobana gololi. Kila kitu kinapangwa juu ya gazeti kwa mfuatano kilivyotoka, kikielekea upande uleule.

Upande wa kulia kuna ringi pana ya gololi iliyofungwa ndani ya ganda la habu, yenye mapengo mawili ukingoni. Hapa simama. Uzi wa ringi hii una mianzo miwili, yaani inaweza kuanza kuingia sehemu mbili tofauti. Ukiirudisha kwa mwanzo usio wake, gurudumu lililokuwa limenyooka linaweza kuyumba. Kwa hiyo weka tone la rangi ya kucha kwenye ringi, na jingine kwenye spoki iliyo mkabala nalo. Halafu tindo butu kwenye pengo, nyundo ya kilo moja, gonga kinyume cha saa. Mapigo machache mazito yanaifungua. Mengi mepesi yanaishia kuchakaza pengo. Ikilegea, mashine yote ya ndani inatoka kwa pamoja mkononi, nzito, nyeusi, inanuka mafuta ya taa.

Saa 2:00 asubuhi

Mkono wa kushoto wa ekseli unabanwa kwenye jiriwa lenye vipande viwili vya mbao ili uzi usichubuke. Kulia kukiwa juu, vinatoka kwa zamu: nati, washa, koni, springi ya klachi, kikombe kinachobeba sproketi, ringi ya gololi, ringi kubwa yenye meno kwa ndani, kifunguo cha ekseli, klachi inayobadilisha gia, na mwisho keji yenye gia ndogo nne na pini zake.

Ukiviona vimelala hivyo, utajua kwa nini chombo hiki kinastahili heshima. Gia ya kati ina meno 20 na haizunguki, imeshikamana na ekseli. Gia ndogo nne zina meno 20 kila moja, zinaizunguka. Ringi ya nje ina meno 60. Klachi ikishika pini za gia ndogo, ringi hukimbia zaidi ya sproketi kwa theluthi moja: hiyo ni gia ya tatu. Klachi ikishika ringi yenyewe, habu inakwenda sawa na sproketi: gia ya pili. Ikivutwa hadi mwisho, vikucha vya ringi vinalazwa, keji ndiyo inayosukuma ganda kwa vikucha vyake vya kushoto, na mwendo unapungua kwa robo: gia ya kwanza. Muundo huu ulianza kuuzwa mwaka 1936.

Vipande vinaoshwa ndani ya mafuta ya taa kwa mswaki wa zamani. Vikucha vinne vinahitaji macho zaidi. Shika kimoja kimoja kwenye mwanga wa mlangoni, ukitazame kutoka ubavuni. Ncha iwe na kona kali kama ya patasi. Ikiwa imeviringika kama ukucha uliolambwa na tupa, itateleza ukipanda mlima. Cha leo kimoja kina kona iliyong'aa kama kioo, lakini bado ni kali. Kinarudi kazini. Springi zake ni nyembamba kuliko uzi wa kushonea viatu. Usizivute kujaribu nguvu yake, bonyeza tu kikucha kwa kidole uone kama kinainuka chenyewe.

Klachi ina mikono minne. Hii imelika kona mbili, na ndiyo sababu ya ule mruko ambao mwendeshaji huusikia anapokanyaga kwa nguvu. Kuinoa kwa tupa hakusaidii, kwa sababu ugumu wa chuma uko juujuu tu. Ukiufuta, kilicho chini yake kitaisha haraka. Dawa ni klachi nyingine kutoka habu iliyokufa. Kwa hiyo ukikuta AW iliyopasuka ganda, inunue. Matumbo yake yatakuwa mazima.

Saa 4:00 asubuhi

Dukani kwa vipuri, karibu na soko kuu. Gololi hazirudishwi hata zikionekana nzuri. Ni za bei nafuu kuliko koni, na gololi moja yenye kidonda huharibu koni nzima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo za wapi?"

"Za robo inchi kumi na sita, na za tatu kwa kumi na sita ishirini na nne."

"Za milimita sita ninazo nyingi. Ni zilezile."

Si zilezile. Robo inchi ni milimita 6.35, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Gololi za 6 kwenye kikombe cha 6.35 zitazunguka siku ya kwanza bila kelele, koni itaonekana imefungwa sawa, kisha baada ya wiki gurudumu linacheza. Pima kwa venia, kile kipimo cha unene, papo hapo, mbele ya muuzaji, gololi tatu au nne kutoka kila pakiti. Mzee ameinama chini ya kaunta akapata pakiti yenyewe.

Hesabu ya AW ni hii: kikombe cha kushoto 8 za robo, kikombe cha sproketi 8 za robo, ringi ya kulia 24 za tatu kwa kumi na sita. Na kwa kuwa tumefika dukani, kotapini mbili za milimita 9.5, pini zinazofunga krenki (mikono ya pedeli) kwenye ekseli yake, na spoki sita zenye urefu wa ile ya mfano iliyo mfukoni.

Saa 5:30

Beseni limezimwa. Kutu nyekundu imegeuka matope meusi yanayotoka kwa brashi. Suuza, anika juani dakika chache, paka mafuta hapohapo. Kwa hewa ya Mtwara, chuma kikavu kisicho na mafuta kinaanza kuota rangi ya chungwa kabla hujamaliza kikombe cha chai. Hendeli yenye kromiamu haiingii humo. Hiyo inasuguliwa kwa karatasi ya aluminiamu ya kufungia chakula iliyoloweshwa maji. Aluminiamu ni laini kuliko kromiamu, kwa hiyo inaondoa kutu bila kuchora.

Saa 7:00 mchana

Ming'oko, mizizi ya porini, na chai. Gololi zimefunikwa kwa kitambaa, kwa sababu kuku wa jirani wanazidonoa.

Saa 7:45 mchana

Kufunga. Kosa linaloua habu nyingi hutokea hapa, na hufanywa kwa nia njema: grisi kila mahali. Grisi inakaa sehemu tatu tu, yaani kwenye mifereji ya ringi ya gololi, kwenye kikombe cha sproketi, na nyuma ya kifuniko cha vumbi cha kushoto. Kazi yake ni kuzuia mchanga na kushika gololi zisidondoke. Ndani kwenye gia na vikucha ni mafuta mepesi pekee. Grisi ikifika kwenye kikucha inakinatisha, springi nyembamba ile haiwezi kukiinua, na pedeli zinazunguka bure. Oili ya injini ya namba 30 inafaa. Mafuta ya kupikia hayafai hata kwa dharura, yanakauka yakawa kama utomvu wa mkorosho.

Mfuatano ni uleule wa kufungua, kinyume chake. Ukiingiza mashine ndani ya ganda, izungushe taratibu ili vikucha vya kushoto vijikunje na kuingia kwenye meno yake, usisukume. Ringi ya gololi ianze pale tone la rangi lilipo, ikazwe kwa tindo.

Koni ya kulia ina sheria yake, na si ya kukisia. Ikaze kwa vidole mpaka igote, irudishe nusu mzunguko, funga nati ya kuizuia. Ukiilegeza zaidi ya hapo, klachi inakaa mahali pasipo pake na gia zote tatu zinachanganyikiwa. Marekebisho ya mchezo wa gurudumu yanafanywa kwa koni ya kushoto peke yake: kaza hadi mchezo uishe, kisha legeza kidogo hadi uuhisi kwa mbali ukitikisa ringi.

Vijiko viwili vya chai vya oili kupitia tundu la mafuta. Zungusha. Ule mlio wa tik-tik-tik unarudi, safi na wa haraka.

Spoki sita zimebadilishwa moja moja, bila kulegeza nyingine, robo mzunguko kwa robo mzunguko, kipande cha chaki kikiwa kimeegemezwa kwenye fremu kuonyesha ringi inapogusa.

Saa 9:30 alasiri

Krenki. Kotapini ya zamani inatoka kwa pigo moja, si kumi. Legeza nati hadi ilingane na ncha ya uzi, weka bomba zito la chuma wima kutoka sakafuni hadi chini ya krenki, pini ikielekea tundu la bomba, ndipo upige. Bila bomba, nguvu ya nyundo inakwenda kwenye gololi za krenki na kuacha vishimo kwenye vikombe.

Pini mpya hazikai bila kuchongwa. Paka masizi ya kibatari kwenye bapa la pini, isukume kwa kidole, itoe. Masizi yamefutika ukingoni tu: pini inagusa mstari mmoja. Pitisha tupa mara tatu, bapa likiwa limelazwa sawasawa. Rudia. Safari ya nne masizi yamefutika bapa zima, na hapo ndipo nyundo inaruhusiwa. Pini mbili zielekee pande tofauti, la sivyo krenki hazitanyooka na goti la mwendeshaji litalijua hilo mapema.

Vikombe vya krenki vya Raleigh hii havikuguswa. Uzi wake ni wa meno 26 kwa inchi, wakati vikombe vingi vya kawaida ni 24. Cha 24 kitaingia mizunguko miwili, kitakaza, na anayeongeza spana ndefu atakuwa ameiharibu fremu.

Saa 11:00 jioni

Gurudumu liko kwenye fremu. Rudisha kamnyororo ka gia hadi kagote, kisha kalegeze chini ya nusu mzunguko ili kaelekee waya vizuri. Weka gia ya pili. Tazama kwenye tundu dogo la nati ya kulia: bega la kijiti kinachobeba mnyororo lilingane na mwisho wa ekseli. Likiwa ndani zaidi, waya umelegea. Kati ya gia ya pili na ya tatu kuna pengo lisiloshika kitu, na waya uliolegea unaiacha klachi humo. Aliyesimama juu ya pedeli huangukia bomba la fremu. Kwa hiyo jaribio la kwanza hufanywa ukiwa umekaa.

Barabara ya Shangani, kwenda na kurudi. Gia ya tatu kwenye tambarare, ya kwanza kwenye mchanga. Klachi ile yenye kona mbili zilizolika imeruka mara moja, gia ya tatu, kwa kukanyaga kwa nguvu. Imeandikwa kwenye daftari pamoja na namba ya habu, na sasa inatafutwa nyingine.

Saa 12:30 jioni

Nati za kotapini zimekazwa tena, maana baada ya kilomita za kwanza hulegea daima. Matone machache ya oili kwenye habu, kifuniko kimefungwa. Oili nyingine mwezi ujao.