Hodi mia tatu

Nimerudi miguu ina vumbi mpaka magotini. Tangu jana nagawa vipeperushi vya zahanati moja ya hapa Moshi: kupima macho bure, Jumamosi hii. Karatasi 300, nyumba kwa nyumba.

Mji wetu hauna visanduku vya barua mlangoni. Barua zetu hulala posta, kwenye S.L.P. Vibao vya namba tulivyowekewa mwaka 2022 kwa ajili ya anwani za makazi vinanisaidia kujua nilipoishia, lakini karatasi lazima impate mtu mkononi. Kwa hiyo ni hodi, kila mlango.

Jana nilianza Shantytown mapema, mlima ukiwa wazi kabisa, Kibo inang'aa juu ya miti. Kutembea kule ni raha tupu. Kupokelewa ndiyo shughuli. Geti refu, maandishi ya "Mbwa mkali", unagonga mpaka vidole vinauma. Unapenyeza karatasi chini ya geti, unasikia mbwa anaivuta. Mlinzi mmoja tu ndiye aliyeniomba ya pili, ampelekee mama yake Kibosho. Huyo alinifanya niendelee.

Leo Majengo. Nimeingia uani kwa wapangaji, akina mama wanafua. Waliponiona na rundo la karatasi mkononi, maongezi yakakatika. Mmoja akaingia chumbani akafunga mlango. Walidhani nimetumwa na watu wa mikopo, ile ya riba kubwa inayoitwa kausha damu. Iliniuma kuona mtu anaogopa hodi nyumbani kwake. "Ni macho tu, mama zangu, na ni bure." Mlango ukafunguliwa, nikasogezewa kigoda. Uani ule mmoja niliacha karatasi tisa.

Lakini kinachonikera kuliko mbwa na mageti yote ni herufi. Aliyechapisha amebana kila kitu, huduma zote na picha juu, mpaka maandishi yamekuwa kama mchwa. Na karatasi yenyewe ni ya watu wasioona vizuri! Njoro, bibi mmoja aliishika, akaipeleka mbali, akaileta karibu na pua, akanirudishia.

"Nisomee, mjukuu wangu."

Nikasoma. Majirani wakasogea, nikasoma tena. Bibi akataka kujua kama atapewa na miwani. Nikamwambia ukweli, kwamba karatasi inasema kupima tu. Akafikiri kidogo. "Basi nikajue kwanza naumwa nini. Aika," akanishukuru kwa Kichaga.

Kuanzia hapo sikumpa mtu karatasi bila kumtajia siku, saa na mahali. Kunachelewesha, ndiyo maana zimebaki 70. Jioni msimamizi kaniambia nigawe tu, kusoma si kazi yangu. Sikubaliani naye hata kidogo.

Kesho ni Pasua. Nimekaa mezani na kalamu ya wino mzito, naandika juu ya kila karatasi, kwa herufi kubwa: MACHO BURE, JUMAMOSI, SAA 2 ASUBUHI. Nimefika ya 41.